Gome, Maji na Asali

Historia ya nchi yetu tumezoea kuiandika kwa majina ya watu: watemi, wamisionari, magavana na viongozi wa siasa. Historia ya misitu yetu haijaandikwa kwa kiasi kinachostahili, na hata pale ilipoandikwa imekuwa aghalabu ni hesabu ya magogo na nta iliyopakiwa kwenye mabehewa. Katika insha hii nakusudia kueleza historia ya jambo moja dogo ambalo msafiri wa kutoka Mpanda kwenda Inyonga anaweza kuliona akiingia hatua chache tu porini, nalo ni mti uliovuliwa gome. Jambo hilo linagusa mambo matatu kwa pamoja: maarifa ya wazee wetu warina asali, ugunduzi wa wataalamu juu ya namna mimea inavyosafirisha maji na sukari, na hatima ya misitu ya Katavi. Naamini kwamba asiyeyaelewa mawili ya kwanza hawezi kusema neno la haki juu ya hilo la tatu.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, lakini pori lake ni la kale, na Wakonongo, Wabende na Wapimbwe wamelitegemea tangu enzi ambazo hazina tarehe. Miti yake mikuu ni mtundu, muba na myombo. Jina la huo wa mwisho ndilo lililozaa neno miombo, ambalo wataalamu wa dunia nzima hulitumia kwa misitu ya aina hii inayotandaa kutoka Tanzania hadi Angola. Kwa Kilatini myombo huitwa Brachystegia boehmii, kwa kumkumbuka Richard Böhm, Mjerumani aliyepita katika pori la Ugalla hadi Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kufia Katanga mwaka 1884. Bwana huyo huyo amepewa pia ndege mmoja wa jamii ya keremkerem, ambao chakula chao ni nyuki. Basi jina la mgeni mmoja limewekwa juu ya mti unaowalisha nyuki na juu ya ndege anayewala.

Mzinga wa gome hutengenezwa hivi. Mrina asali huchagua mti ulionyooka, usio na mafundo wala matawi ya chini. Hukata mkato mmoja kuuzunguka mti sehemu ya chini, kisha mkato wa pili juu yake, umbali wa kama mita moja au zaidi kidogo. Halafu huchanja mstari wa wima kutoka mkato wa juu hadi wa chini, na kwa kutumia kabari za mti hulibambua gome polepole mpaka litoke zima kama bomba. Pale lilipochanjwa hubanwa tena kwa vijiti vilivyochongwa. Ncha zake mbili huzibwa kwa nyasi zilizosukwa au kwa vipande vya mti, tundu la kuingilia nyuki huachwa, na mzinga hutundikwa juu ya mti mwingine. Kwa gome la namna hiyo hiyo wazee walitengeneza vilindo vya kuhifadhia nafaka na kubebea asali, na kwa nyuzi za ganda la ndani la myombo walipata kamba za kufungia mizigo ya kuni na paa za nyumba.

Kazi hiyo haifanyiki wakati wowote. Wakati wa kiangazi gome hung'ang'ania mti, na anayelilazimisha huishia kupata vipande vipande. Masika hubambuka kwa urahisi, nao wazee husema kwamba wakati huo mti una maji. Sayansi inawaunga mkono. Kati ya gome na mti kuna utando mwembamba wa seli hai uitwao kambiamu. Mvua zinaponyesha, seli hizo hugawanyika kwa wingi, huwa laini na zenye majimaji, na hapo ndipo gome linapoachia. Mrina asali hakuhitaji hadubini kujua msimu huo. Mikono yake ilimweleza.

Baada ya gome kutoka, mti haufi siku ile. Ukirudi baada ya mwezi utaukuta bado una majani mabichi, kana kwamba haukuguswa. Mgeni anaweza kudhani umesamehe. Baada ya muda utaona kwamba gome lililobaki juu ya jeraha limevimba kama mdomo, ilhali la chini halikuvimba. Utapita msimu mmoja, au miwili, au zaidi, kisha matawi yataanza kukauka kutoka juu. Kwa nini mti uliopoteza gome huendelea kuwa na majani mabichi? Kwa nini uvimbe uwe juu tu? Na kwa nini hatimaye mti hufa? Majibu ya maswali haya matatu yaliwachukua wataalamu wa Ulaya karibu miaka mia tatu kuyakamilisha.

Jibu fupi ni kwamba ndani ya mti kuna njia mbili. Ya kwanza imo katika mti wenyewe, chini ya gome, nayo hupandisha maji na chumvichumvi za udongo kutoka mizizini hadi majanini. Wataalamu huiita zailemu, nayo ni mirija ya seli zilizokwisha kufa, zikabaki kuta tupu kama mabomba. Njia ya pili imo katika ganda la ndani la gome. Hiyo huitwa floemu, na seli zake ni hai. Hubeba sukari iliyotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua na kuipeleka kila mahali inapohitajiwa: kwenye mizizi, machipukizi, maua, matunda na mbegu. Anayevua gome huikata njia ya pili na kuiacha ya kwanza. Kwa hiyo maji huendelea kupanda na majani hubaki mabichi. Sukari inayoshuka hukuta daraja limevunjika, hulundikana juu ya mkato, na gome la hapo hunenepa. Mizizi nayo hukosa chakula. Hula akiba yake mpaka iishe, na ikishakufa hakuna tena wa kuyafyonza maji. Mti uliovuliwa gome hufa kwa njaa ya mizizi kabla ya kufa kwa kiu ya majani.

Maarifa haya yalikuja kwa vipande. Mtu mmoja wa Brussels aliyeitwa Jan Baptist van Helmont alipanda mti mchanga wa ratili 5 katika udongo uliokaushwa na kupimwa, ratili 200. Kwa miaka mitano aliumwagilia maji tu. Mti ulifikia ratili 169, na udongo ulipokaushwa tena ulikuwa umepungua wakia mbili hivi. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa amekwisha kufariki. Hakujua kwamba sehemu kubwa ya mti mkavu hutokana na hewa, lakini alikuwa amefungua mlango kwa kutumia mizani badala ya maneno.

Baada yake alikuja Marcello Malpighi, daktari wa Bologna huko Italia, ambaye vitabu vyake juu ya maumbile ya mimea vilichapishwa London mwaka 1675 na 1679. Malpighi alifanya kile ambacho warina asali wa Ukonongo hukifanya: aliondoa gome kuuzunguka mti. Aliona uvimbe ukitokea juu ya mkato, akasema kwamba majani hutayarisha chakula na chakula hicho hushuka kwa njia ya gome. Mwaka 1727 kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alichapisha vipimo vyake vya maji yanayopita katika mimea. Alikuwa akiupima kwa mizani mmea wa alizeti uliopandwa kwenye chungu, asubuhi na jioni, na kuona jinsi ulivyopungua uzito kwa maji yaliyotoka majanini kama jasho. Leo tunajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayoingia kwa mizizi hutoka kwa njia hiyo.

Likabaki swali gumu: ni nguvu gani inayoyapandisha? Fundi yeyote wa visima anajua kwamba pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata iwe imara namna gani. Mtundu uliokomaa hupita kimo hicho. Katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro umepimwa mti wenye urefu wa mita 81.5, na habari zake zilipotangazwa mwaka 2016 ulitajwa kuwa mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika. Wako waliodhani kwamba seli hai za mti huyasukuma maji hatua kwa hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mjerumani Eduard Strasburger alikata miti mirefu na kuisimamisha katika sumu inayoua seli. Sumu ilipanda hadi juu ikiua kila ilipopita, na bado kimiminika kiliendelea kupanda. Basi haikuwa kazi ya seli hai.

Jibu lilitolewa mwaka 1894 na Henry Dixon na John Joly wa Dublin. Walisema kwamba maji hayasukumwi kutoka chini, bali huvutwa kutoka juu. Jua linapokausha maji kwenye vitundu vya majani, maji yaliyo nyuma yake husogea kujaza nafasi, na kwa kuwa chembe za maji hushikana kwa nguvu, uzi mzima wa maji hadi mizizini huvutwa kama kamba ya kisimani. Mti hautumii chakula chake kuinua maji hayo. Kazi hufanywa na jua na hewa kavu. Wengi walisita kuamini kwamba maji yanaweza kuvutwa kama kamba. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha mvutano huo katika mimea ya aina nyingi, na ili kupata vijiti vya vilele vya miti mirefu sana walivitungua kwa bunduki.

Habari za sukari zilichelewa zaidi. Mwaka 1837 Theodor Hartig, mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, aliona katika gome la ndani mirija yenye vizuizi vilivyotobolewa kama chekeche. Mwaka 1860 alieleza jinsi utomvu mtamu unavyotoka gome linapochanjwa. Hata hivyo ubishi haukwisha. Dixon, yule yule aliyepatia habari za maji, mwaka 1922 alitetea wazo kwamba sukari nayo husafiri ndani ya mti na si katika gome, kwa kuwa mirija ya gome ilionekana kuwa myembamba mno kwa kazi hiyo. Waliomjibu walikuwa Mason na Maskell, waliokuwa wakichunguza pamba huko Trinidad. Mwaka 1928 walionyesha, kwa kulitenganisha gome na mti na kuweka karatasi katikati, kwamba sukari hufuata gome.

Mwaka 1930 mtaalamu mwingine wa misitu wa Ujerumani, Ernst Münch, akaeleza namna safari yenyewe inavyokwenda. Mama anayenyunyiza chumvi kwenye nyanya za kachumbari huona maji yakitoka. Sukari nayo huvuta maji vivyo hivyo. Majani yanapopakia sukari katika mirija ya floemu, maji ya jirani huingia na mirija hujaa kwa nguvu. Kule mizizini au kwenye ua, sukari inaposhushwa, maji hutoka na nguvu hupungua. Utomvu basi hutiririka kutoka penye nguvu nyingi kwenda penye nguvu kidogo, hauna haja ya moyo wa kuusukuma. Mwaka 1953 Kennedy na Mittler walipata njia ya kuuonja bila kuuharibu: walimkata kidukari anayenyonya mmea na kuuacha mrija wa mdomo wake umechomekwa. Utomvu ukaendelea kudondoka wenyewe saa baada ya saa, ishara kwamba ndani kulikuwa na msukumo.

Nikisoma habari hizo huwa nawakumbuka wagema wa pwani yetu. Mgema hukwea mnazi, hukata ncha ya karara changa, huweka chombo, na asubuhi hukuta tembo tamu. Tembo hiyo ni utomvu wa floemu uliokuwa njiani kwenda kulisha nazi. Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hata asiposifiwa, tembo imo maji tangu mwanzo, kwa kuwa ni maji yenyewe yanayoisafirisha sukari. Tena mnazi hauwezi kuuawa kwa kuvuliwa ganda, kwani njia zake mbili zimetawanyika kama nyuzi ndani ya shina zima. Huo si mti wa mzinga wa gome.

Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikuwa ikitutaka tufundishe kwa kutumia mazingira. Vitabu vya sayansi tulivyokuwa navyo vilitoka nje, na miti iliyochorwa ndani yake ilikuwa ya nchi zenye theluji. Baadaye, nikiwa mwalimu mkuu wilayani Mpanda, tuliweka utaratibu wa kulipeleka darasa la saba porini kila mwaka. Kwanza darasani watoto walisimamisha shina la mchicha katika maji yenye wino mwekundu na kuona wino ukipanda. Kisha walikwenda kuutazama mti uliovuliwa gome na kuugusa ule uvimbe wa juu. Mwaka mmoja msichana mdogo aliuliza, "Mwalimu, kama maji yanapita ndani ya mti na sukari inapita kwenye gome, asali nayo inapita wapi?"

Lilikuwa ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika kazi yangu, kwa sababu jibu lake linaunganisha kila kitu. Asali hupita kwenye gome. Majimaji matamu ambayo nyuki huyafyonza uani ni sukari iliyotoka majanini, ikasafiri kwa floemu hadi kwenye vitezi vya ua, ikatolewa kama malipo kwa mdudu anayebeba chavua. Nyuki huibadilisha kwa vimeng'enya vya mwili wake na kuipunguza maji kwa upepo wa mabawa mpaka yabakie chini ya sehemu moja ya tano. Basi mrina asali anapotundika mzinga wa gome, ameifanya njia ya sukari kuwa nyumba ya kuhifadhia sukari ile ile. Lakini mti alioubambua hautatoa tena asali.

Ili kuipima hasara hiyo yafaa kukumbuka jinsi miti hii inavyoishi. Nenda Katavi mwezi Oktoba, kabla ya mvua. Mto Katuma umebaki madimbwi, na viboko wamebanana katika tope kama abiria wa treni. Ardhi ni ngumu, nyasi zimeungua. Wakati huo huo miti ya miombo hutoa majani mapya, mekundu kama shaba, na mitundu huchanua. Hayasubiri mvua. Maji yanatoka katika mizizi iliyoingia chini sana na katika akiba iliyomo ndani ya shina. Sukari inatoka katika wanga uliowekwa akiba tangu masika yaliyopita. Muba huchanua baadaye, mvua zikiwa zimekolea. Ndiyo maana nchi hii ina misimu miwili ya kurina. Mti uliokatwa njia ya gome hauwezi kuweka akiba mizizini, na kiangazi kinachofuata huukuta mikono mitupu. Mara nyingine chini ya mkato hutoka machipukizi, kwani miombo ni mabingwa wa kuchipua, lakini chipukizi litachukua miaka mingi kufikia kuchanua.

Nilikuwepo katika mkutano wa kijiji kimoja ambapo jambo hili lilizungumzwa kwa uchungu. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilikuwa imetolewa mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ikafuata mwaka 2002. Bwana nyuki, kijana mwenye heshima, alisimama akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Nawaomba tuache mizinga ya magome. Kila mzinga ni mti mmoja umekufa." Mzee mmoja alimwitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, maneno yako ni ya kweli. Mimi nimeua mti mmoja ili nipate mzinga, na kwa ajili ya mzinga huo nimelilinda pori lote nisije nikakosa asali. Waliofyeka pori ili walime tumbaku, na wakakata tena kuni za mabani, wamebakiza mti gani? Mbona hao hamjawaitia mkutano?" Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Bwana nyuki hakuwa na jibu, na si kosa lake.

Nimelitafakari neno la yule mzee kwa miaka mingi. Tufanye hesabu kama watoto wa darasa la tano. Tuseme mtu ana mizinga mia moja ya magome, na kila mmoja unadumu miaka mitano. Atahitaji miti ishirini kwa mwaka, iliyotawanyika katika pori ambalo kulipita kwa miguu huchukua siku kadhaa. Shamba jipya la tumbaku ya mvuke huondoa kila mti uliosimama mahali pake, kisha bani hudai kuni kila msimu. Ukifikiria pia reli ya kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi na ikasafirisha pia mbao za mninga, pamoja na makazi makubwa ya Katumba na Mishamo yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi, utaona kwamba pori letu limepungua kwa sababu nyingi, baadhi zikiwa za lazima na za utu. Kumtwisha mrina asali mzigo wote ni kuonea.

Hata hivyo, kuonewa hakumfanyi mtu kuwa amepatia katika kila jambo. Hesabu ya yule mzee ilikuwa sahihi wakati pori lilikuwa halina mwisho. Sasa lina mwisho, na mti ulionyooka usio na mafundo, ambao ndio mrina huuchagua, ndio pia mzazi bora wa mbegu. Wala mzinga wa gogo si suluhisho, kwani nao hudai mti mzima. Mizinga ya mbao huhitaji mti pia, lakini shina moja hupasuliwa mbao za mizinga kadhaa, na ukitunzwa kivulini hudumu muda mrefu zaidi. Mizengo Pinda, mwenyeji wa mkoa huu aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015, aliihimiza sana kazi ya nyuki nchini, na watu wengi wa Katavi wameiona kuwa ni kazi ya heshima. Tatizo ni bei. Gome ni bure kwa mwenye shoka na nguvu, na mbao ni fedha. Anayemtaka mrina aache gome bila kumsaidia kupata mbao anamtaka aache asali.

Tena hatuna sababu ya kudhani kwamba Mwafrika hajui kuchukua gome bila kuua. Jirani zetu Waganda hutengeneza nguo kwa gome la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Hukwangua ganda la nje, hubambua la ndani kwa uangalifu, kisha huufunga mti majani ya migomba ili jeraha lisikauke. Gome huota tena, na mti huo huo huvunwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Sisemi kwamba mtundu utafanya kama mutuba. Kila mti una tabia yake, na gome la mzinga hutolewa lote hadi kwenye mti mtupu. Nasema tu kwamba waliogundua njia ile walikuwa watu wa kutazama, wakajaribu, wakakumbuka, wakawafundisha watoto wao. Hartig na Münch nao walikuwa watu wa misitu, waliozoea kuugusa mti kwa mikono yao.

Kwa vijana wa Katavi wanaosoma leo nina maneno machache. Mkimwona babu yenu anagonga gome kusikiliza kama limeachia, msimcheke; anapima kambiamu kwa sikio. Mwulizeni ni miti gani aliivua ujanani mwake, mwende naye mkaitazame. Andikeni ipi ilikufa, baada ya miaka mingapi, na ipi ilichipua. Daftari la namna hiyo, likijazwa na shule moja kwa miaka kumi, litamsaidia bwana nyuki na bwana misitu kuliko hotuba nyingi, na litampa mzee mahali pa kukaa katika mkutano kama mwalimu badala ya mshitakiwa. Na siku mtakapotundika mizinga ya mbao, itundikeni kwenye mtundu ulio hai wenye gome lake lote, ili Oktoba ikifika uchanue juu ya vichwa vya nyuki wenu.